Kisanduku cha Tatu

Mwezi wa saba duka langu halilali.
Mashine ya fotokopi inahema kama ng'ombe mwenye mimba,
ukungu wa Tukuyu unaingia bila hodi,
na watoto wa Masoko, Kyimo, Ikuti
wanapanga foleni hadi kwenye matope,
vyeti vimefungwa nailoni,
mwavuli juu ya vyeti, kichwa kinalowa.

Redioni wamesema fungu la mikopo limeongezwa.
Hakuna mtoto wa mkulima atakayebaki nyuma.
Ninaamini, nusu.
Mwaka wangu pia fungu liliongezwa,
likaisha kabla halijafika kwenye Mwa-,
na huku kwetu, ukiondoa Mwa-, unabaki na nani?

Sasa ndimi ninayewajazia wenzangu fomu.
Naijua wilaya nzima kwa kurasa:
nani ana bati, nani ana nyasi,
nani alisomeshwa na kanisa, nani na migomba,
baba wa nani alikufa kwa kitu
ambacho cheti kinakiita homa.

Jumatano akaingia Subilaga na mama yake.
Divisheni wani, pointi tano,
anataka uhandisi wa maji.
Tukaenda vizuri mpaka ukurasa wa nne.
Baba: yu hai.
Baba: amefariki.
Visanduku viwili. Chagua.

Mama akauliza, "Cha tatu kiko wapi?"

Mwanamume alikwenda Chunya kufuata dhahabu
mwaka ambao Subilaga alikuwa anang'oka meno ya mbele.
Simu ya mwisho ilisema: mvua zikianza, narudi.
Huku kwetu mvua hazijawahi kuacha kuanza.

Mtendaji wa kijiji, mtu wa huruma,
alikuwa ameshawaonyesha njia ya mkato:
barua, muhuri, mashahidi wawili,
mtu anakufa kabla ya saa sita mchana.

Mama akakaa juu ya kreti la soda.
"Nimemlaani," akasema, "Mungu anajua nimemlaani.
Lakini nimzike kwa wino ili mtoto apate ada,
halafu siku moja apige hodi,
nitakuwa namfungulia nani?"

Foleni ikanyamaza. Hata mashine.
(Umeme ulikuwa umekatika.)

Mfumo hauli maneno, unakula faili.
Basi akasema, nikaandika kwa mkono,
Subilaga akinimulika kwa simu:
*Mimi Tumpe Asegelile nathibitisha
kwamba mume wangu hajafa, wala hayupo.
Mtoto tunaye. Shamba nalilima mwenyewe.*
Mtendaji akagonga muhuri huku akitikisa kichwa.
Umeme uliporudi nikaiskani,
nikaipandisha pale palipoandikwa CHETI CHA KIFO.
Duara likazunguka, likazunguka, likazunguka.
Likakubali.

Sijui kule mjini ni nani aliyeisoma.
Labda hakuna.
Labda mtu mmoja, saa kumi jioni, chai imepoa,
akaisoma mara mbili, akavua miwani,
akaweka vema.

Awamu ya kwanza hakuwamo.
Ya pili, hakuwamo, na mimi nikaanza kukwepa
kupita njia ya kwao.
Ya tatu jina likatoka: asilimia sabini.
Thelathini iliyobaki itatafutwa migombani.

Mama alikuja peke yake kuchukua karatasi.
"Toa mbili."
Moja ya chuo. Na ya pili?
Alikuwa anahesabu sarafu, hakuinua uso.
"Akirudi atauliza mtoto yuko wapi.
Mimi sitakuwa na nguvu za kueleza."