Nyaya Sita

Hoza Shekiondo, kitanda cha tatu,
miaka ishirini na sita amefunga marobota ya mkonge
kiwandani Ngomeni. Waya anaujua.
Jana mchana walimpasua kidari katikati,
wakambadilishia vali, wakaurudisha mfupa,
wakaukaza kwa nyaya sita za chuma.
Usiku huu nimeachiwa mimi.

Kazi yangu kubwa ni kuhesabu.
Mkojo wa saa tatu: mililita arobaini.
Wa saa nne: thelathini, nikaukunjia uso.
Vidole vya miguu nilivishika,
baridi kama visu vya jikoni;
kufika saa sita vikawa vya mtu.

Chupa mbili ziko sakafuni.
Ya pafu, maji yake hujaa, hupwa, hujaa,
na Tanga nzima hii ndiyo bahari niliyoiona wiki hii.
Ya moyo hupokea damu, tone, tone.
Nimeibandika plasta ubavuni
naandika saa na kiasi kwa peni inayogoma.

Mkewe alikuja jioni kwa baiskeli, kutoka Makorora kwa dada yake.
Dakika tano, nilimwambia.
Akainama azinyanyue chupa azifute:
mbona mmeziacha chini kama za taka?
Nikamshika mkono. Zisipande juu ya kifua, mama,
kilichotoka kisirudi.
Akaniachia kanga. Mkunjie hii,
hapendi mito ya watu.
Imeandikwa: AMANA NI MZIGO KWA AIJUAYE.

Saa nane na robo chupa ya moyo ikanyamaza.

Mgeni angeshukuru. Damu imekatika, atalala.
Mimi nilisimama.
Damu haikatiki hivyo,
kama mtu aliyekatizwa neno.
Presha tisini. Themanini na mbili.
Mishipa ya shingo imetuna, ya mtu anayebishana,
naye amelala, bomba kooni, habishani na yeyote.
Moyo unakwenda mbio papo hapo ulipo,
damu yake mwenyewe imeuzingira inaukaba.

Daktari Semng'indo alipokea kabla simu haijalia mara ya pili,
akaja na soksi.
Nililikamua bomba kwa vidole viwili, juu kuja chini,
kama chuchu ya ng'ombe wa mtu, ambaye hakujui.
Hakuna.
Tena.
Trei ya kufungulia kifua imeshavutwa,
karatasi ya buluu imeshachanwa,
na koleo la kukatia waya liko juu juu, linang'aa.
Nikawaza: huyu mzee atanisema.
Tena.

Likaja. Donge jeusi mithili ya ini,
urefu wa kidole gumba,
likateleza ndani ya mpira likapita mbele ya macho yetu,
na nyuma yake damu, mililita mia na sabini,
kisha tone. Kisha, baada ya muda wa adabu, tone.
Presha mia na nne.

Semng'indo akaketi sakafuni kando ya chupa
akazitazama soksi zake.
Nikaandika saa.
Halafu nikaijazia trei fomu yake: imefunguliwa, haikutumika,
irudishwe ikachemshwe.

Alfajiri ilipopita tukalitoa bomba la koo.
Nikamkumbatisha kanga, mikunjo minne.
Bana hapo, baba. Kohoa.
Akanitazama kama niliyemtukania mama.
Kohoa, kohozi likilala humo litakuwa mpangaji.
Akakohoa. Machozi yakamtoka,
maandishi ya kanga yakajikunja kifuani pake
likabaki neno MZIGO.

Sauti ilimrudia ya mchanga.
Ngapi?
Nyaya? Sita.
Akafumba macho. Nilidhani kalala.
Sisi, akasema, robota moja tulikuwa tunatia saba.

Kwenye chati hakuna nafasi ya kuandika hilo.
Nikaandika mkojo wa saa moja: sitini na tano.