Daftari Chini ya Kiti

Pikapu niliinunua kwa Wasyl Hnatiuk, jirani,
dola elfu moja na mia mbili,
na mkewe akaniongezea chupa ya matango ya siki
kana kwamba mimi ndiye niliyewauzia.
Mlango wa kushoto hufunguka ukibembelezwa.
Zamani ilikuwa ya buluu. Sasa ni buluu na kutu,
na kutu inaongoza,
maana huku Saskatchewan baridi ikikaza
barabara hutiwa chumvi kama mchuzi,
na chumvi haibagui lami na bodi ya mtu.

Chini ya kiti nilikuta tochi iliyokufa,
soksi moja, na daftari.
Penseli. Herufi ndogo za mtu mbahili wa karatasi:
*Machi 9. Oili. Chujio jipya. Kilomita 211,040.*
*Juni 2. Mkanda wa feni umekatika. Nimefunga mwingine. Nimejikata kidole.*
*Juni 3. Kidole.*
Miaka kumi na saba, hakuna msimu ulioachwa,
hadi Oktoba ya mwaka juzi:
*Oili. Petro kanisaidia kuinuka.*
Kisha kurasa tupu.

Mimi kazi yangu ni mizani ya ghala la ngano.
Naandika uzito wa malori ya wenzangu kutwa,
na sijawahi kulala chini ya gari langu.

Jumamosi ya Aprili, matope yakiwa hadi kifundoni,
nikairudisha uani kwake, kwenye sakafu ya saruji.
Nyonga zake hazimruhusu tena kutoka.
Akavuta kiti dirishani, akaketi nyuma ya kioo
na kikombe chake, kama mwamuzi.

Niliiacha injini ingurume dakika tano,
oili ipate joto, ilegee.
Nikazima. Nikaweka kabari nyuma ya magurudumu,
nikainua kwa jeki, nikasukuma stendi mbili chini ya chesisi,
kwani daftari lilisema, kwa wino, mara moja tu:
*Jeki ni ya kuinulia, si ya kuaminia.*

Nati ilinigomea.
Nikaisemesha, nikaitukana, nikaigonga spana kwa nyundo,
ikaachia ghafla, na oili
nyeusi, vuguvugu, ikapita pembeni mwa karai,
ikaingia kwenye mkono wa koti,
ikateremka bila haraka hadi kwapani.
Dirishani, mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika.

Chujio la zamani likatoka. Mpira wake haukutoka;
ulibaki umeng'ang'ania injini,
na laiti nisingepapasa kwa kidole
ningefunga mpya juu yake, nikamwaga oili njia nzima.
Mpira mpya nikaupaka oili safi,
nikashika spana nikaze.
Kioo kikagongwa. Ko, ko, ko.
Alikuwa ameinua kiganja kitupu:
mkono. Mkono tu.

Nikajaza. Nikachomoa kijiti cha kupimia,
nikamwonyesha, nikijivuna.
Akatikisa kichwa. Akapambana na komeo, akafungua dirisha,
baridi yote ikaingia jikoni kwa Olha:
"Kifute kwanza, Bernadine! Kikitoka mara ya kwanza hudanganya."
Nikafuta. Nikatumbukiza. Nikachomoa.
Kiasi kilikuwa pungufu kwa upana wa ukucha.

Baadaye nilimpa daftari na penseli.
Hakupokea. "Gari lako, mwandiko wako."
Basi nikaandika, mezani, karibu na matango:
*Aprili 19. Oili. Chujio. Kilomita 263,518.*
*Kwapa.*
*Nati moja imebaki. Haijulikani ni ya wapi.*

Nikaiweka juu ya kitambaa cha meza.
Wasyl aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga,
akaisugua kwa dole gumba,
akaitia mfukoni bila neno,
kama mtu aliyekuwa akiitafuta.