Kuonja Mchanga

Bi Time, siku ya kwanza uliingia maabara
na ndoo ya mchanga, si kitabu.
"Onjeni," ukawaambia watoto wa mwaka wa kwanza.
Wakatazamana. Mmoja alicheka hata ushungi ukamteleza.
Ukachovya kidole, ukaramba mbele yao,
ukatemea leso.
"Wa pwani huu. Chumvi yake leo hamuioni.
Italala na nondo miaka kumi, kimya, ikila,
kisha dari litamshukia mtu usingizini."

Mimi nilikuwa nyuma, naipangusa mashine ya kuvunjia zege,
ile iliyokaa bandarini Mkoani miezi saba
kwa kukosa karatasi moja.
Uliifuata mwenyewe. Ukalala kwa shangazi yako siku tatu,
hukurudi Chake mpaka winchi ilipoinyanyua.

Wangapi walikuuliza, mwanamke na saruji wapi na wapi?
Hawakumjua mama yako, Bi Mize,
aliyekaa juani Wesha na nyundo ya mpini wa mpera,
akivunja kokoto, akilipwa kwa ndoo.
Ada yako ya skuli ilipimwa kwa ndoo.
Kalamu, ndoo. Viatu, ndoo mbili.
Mashine ilipovunja mchemraba wa kwanza, kwa kishindo,
wanafunzi walipiga makofi;
wewe ulijishika kifundo cha mkono, kana kwamba kinauma.

Cheo kikapanda juu ya cheo.
Idara, kisha skuli nzima ya uhandisi, kisha ghorofa ya juu,
zulia, simu tatu, joho lililokuzidi urefu
tukalipandisha kwa pini, nikizishika mimi, kwa meno.
"Fundi Shehe," ukaninong'oneza,
"chumba kile hakina vumbi. Nitajuaje kama nimefanya kazi?"

Nami nisiseme uongo kwa kuwa nakupenda:
ulibadilika.
Niliomba mafuta ya mashine, lita nne tu.
Barua ikarudi: Hakuna fungu. Saini yako.
Nikaomba tena mwaka wa pili. Hakuna fungu.
Mashine uliyoilalia Mkoani
ikawa inalia kama punda wa chokaa,
na gari lako lapita dirishani, vioo juu.

Halafu dakhalia ya wasichana. Ghorofa tatu, rangi ya maziwa,
utepe umeshafungwa mlangoni, mgeni keshapanda ndege.
Nyumba njema si mlango.
Jioni ile ulikwenda peke yako nyuma ya jengo,
kwenye lundo la mchanga uliobaki.
Mlinzi, Faki, ndiye aliyenihadithia:
alidhani Makamu Mkuu wa Chuo kaingiwa na shetani,
kachuchumaa, anakula mchanga.

Ulikuja maabara usiku na vipande vya nguzo ndani ya kikapu.
Hukunisalimu. Tuliiwasha, ikalia.
Mshale ulitakiwa ufike ishirini na tano.
Kumi na moja, paa.
Cha pili, kumi na moja na nusu.
Cha tatu hukutaka tukivunje, kisha ukataka.
Mkandarasi ni mtoto wa ami yako.
Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka adhana ya alfajiri.

Walilibomoa. Wasichana walilala wawili wawili mwaka mwingine mzima,
wakakutungia majina ambayo sitayaandika.
Mgeni aliondoka na fedha zake.
Harusini kwenu hukualikwa.
Na muda wako ulipokwisha, Baraza halikuuongeza,
wala hakuna aliyeeleza kwa nini.

Siku uliyokabidhi funguo, tarishi alinishukia na bahasha.
Barua yangu ya zamani, ile ya kwanza, imekunjika pembe.
"Hakuna fungu" umelikata kwa mstari mmoja, wa rula,
chini yake: Lita nne. Yaidhinishwa.

Mafuta yenyewe, Bi Time, hayajafika.
Kila Jumatatu nauliza stoo.