Hesabu ya Shamba la Pongo

Nyuma ya daftari la Monga nimepanga:
kunde kilo mbili, soko la Kenya, Lubumbashi,
franka elfu nane;
chumvi ya jiwe, moja;
mbolea, hapana: samadi ya mbuzi wa Mama Kisimba ni bure,
akikumbuka ahadi.
Hatua arobaini kwa ishirini,
ng'ambo ya kijito, pale makaa yalipokula miombo.
Mvua ya Novemba ndiyo kibarua wangu,
haidai mshahara.

Ngosa anasoma, kidole mstarini:
"Watoto wanalalia bukari na sombe,
wewe unampandia pongo?"
Sijibu. Naongeza: matembele, bure.

Usiku nakuta mwandiko wake chini ya jumla:
Risasi, ngapi?

Kalamu ninayo.
Hadi jogoo la kwanza
sijaandika.