Kidole Kimoja Juu

Kichungulio nimekikuta kwenye kopo la vifungo,
kati ya bizimu na sindano zilizoota kutu.
Nikakipuliza, nikakiweka jichoni papo hapo jikoni,
na jiko zima likaingia: ndoo, kinu, kalenda ya mwaka juzi,
kila kitu kidogo, king'avu, kimerudi nyuma hatua tatu
kama watu wanaompisha mgeni.

Kamera yenyewe haikuwahi kupotea.
Baba aliinunua alipokuwa karani wa mizigo bandarini,
kwa baharia wa Odesa aliyeishiwa.
Lenzi yake fupi, pana, jicho limezama
kama la mtu aliyekesha msibani.
Uani kwetu, Mtaa wa Narung'ombe, hapakuwa na pa kurudi nyuma:
mgongo ukigusa choo, tumbo linagusa jiko.
Lenzi ndefu ni ya wenye viwanja.

Kazi ilikuwa ya madirisha mawili.
Kwanza la chini: humo Mama ni wawili, mmoja wa moshi.
Unazungusha lenzi polepole
mpaka wa moshi amwingie wa mwili.
Kisha unahama. Unapandisha jicho kwenye kichungulio
kilichokaa juu ya kamera kama kuku juu ya banda,
na huko Mama ni mmoja, na ua wote uko pamoja naye,
ila hujui tena kama amekolea au amefifia.
Unaamini ulichokipima chini.

Dirisha moja lajua umbali, halijui upana.
Lingine lajua upana, umbali halijui.
Nimewahi kuishi na watu wa namna zote mbili.

Jivraj, fundi saa wa Mtaa wa Uhuru,
aliyenisafishia shata kwa kijiti na petroli,
alisema bila kuinua uso:
"Hiki kinatazama kutoka ghorofani,
lenzi inatazama kutoka barazani.
Mtu akiwa mbali, hawa wawili hawagombani.
Akisogea, wewe ongeza kidole kimoja juu,
ama utamkata kichwa."

Nikalipa. Nikasahau chenji.

Kwa sababu ipo picha moja,
Idi ile ya mwaka wa vita vya Kagera,
ambayo Mama hakukubali itundikwe.
Kasimama uani, doti jipya, mikono imekunjwa,
na picha imemkatia juu ya nyusi.
"Baba yako alinichinja," alikuwa akisema,
akacheka, akairudisha chini ya godoro.

Leo nimeitoa. Nimeweka kichungulio kando yake mezani
na nikamweleza, kwa kijiko na kikombe,
kipi kilikuwa juu, kipi kilikuwa chini.
Kule juu Baba alikuona mzima, nikamwambia,
ushungi, paji, na bati juu ya paji.
Chini lenzi ilikuwa na mambo yake.
Ilichokuibia juu, ililipa chini.
Tazama hapa, kwenye pindo la kanga.

Akavuta miwani.

Kivuli. Jua la asubuhi mgongoni mwake,
viwiko vimetanuka kama masikio ya sufuria,
kofia pana, shingo fupi,
kimelala mchangani mpaka kwenye vidole vya miguu yake.
Baba hakukiona. Kwenye dirisha lake hakikuwemo.
Angeongeza kidole kimoja, tungepata paji la uso la Mama
na tusingempata yeye, mahali popote:
alikufa mwaka ule wa foleni za mchele,
na mpiga picha wa nyumba hana picha.

Mama, Sikudhani binti Pazi, miaka themanini na kitu,
alikaa nayo mpaka chai ikaota utando.
Nilitegemea neno kubwa.
Akagusa kile kivuli, pale juu, kwa ncha ya ukucha.

"Kofia hii," akasema, "nilimwambia aivue."