Ahali

Herufi a ndiyo iliyokuwa ikituishia.
Kila wiki, hatujafika ukurasa wa nne,
kishubaka chake kimebaki vumbi la risasi,
na Maalim Burhani yu mlangoni, miwani puani,
kaleta karatasi nyingine:
Ahali ya Bwana fulani amejifungua salama.
Ahali ya Bwana fulani amerejea Hija.
Ahali ya Bwana fulani, wa Malindi,
amefikwa na amri ya Mungu jana alasiri.

Neno lenyewe lilikuwa zuri, nisilisingizie.
Lilinukia udi. Ukilitia kinywani
linateleza kama haluwa ya moto, halikwami popote.
"Jina la mke wa mtu," akisema Maalim,
"si bei ya karafuu, hata tulibandike."
Bei ya karafuu tukiibandika ukurasa wa kwanza.

Meli ikaja na barua ya Pemba.
Mwandishi wetu wa Wete, mwandiko wa kuku:
banda la mbata limeungua Mtambwe,
watoto watatu wamelala ndani,
mwanamke kalitosa jamvi kisimani,
kajitanda, kaingia mara tatu.
Mara ya tatu katoka hana nyusi.
Na chini, jina la mume: Bwana Shaame Faki.

Nilisimama na kibati cha kupangia mkononi.
Yule dada yangu. Tumenyonya ziwa moja.
Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu
kwa makonyo, juu ya jamvi kama hilo hilo.
Shaame siku ile alikuwa Tanga, kanunua ng'ombe.

Nikapanga kama nilivyopewa.
Ahali ya Bwana Shaame Faki wa Mtambwe
ameonyesha ushujaa usio kifani.
Mstari haukujaa,
na mstari usiojaa, kwetu sisi wapangaji,
ni jino lililong'oka mbele ya wageni.
Nikachukua M. Nikachukua w.
Nikazikomba na a mbili za mwisho zilizosalia,
nikazitia zote kichwa chini, miguu juu,
nikazikaza, nikapitisha wino.

Gazeti likatoka na madoa saba meusi
mkiani mwa habari, kama nyayo za chungu aliyekanyaga masizi.
Mjini wakacheka: mashine ya Maalim imezeeka.
Nilikatwa shilingi moja na nusu.

Nakala nilimpelekea mwenyewe, Mtambwe.
Herufi hizi hakuzijua, alisoma za msahafu,
nami nikamsomea.
Akasikiliza hadi mwisho, mikono i kwenye vitambaa,
akaniuliza: "Na huyo Ahali naye alikuwamo?
Mie sikumwona mtu mle. Moshi ulikuwa mwingi."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Madoa sikumwonyesha. Nikasema kesho,
na kesho yake meli ikapiga honi.

Juzi mjukuu wangu Sabiha kanipeleka Kilimani,
kwenye nyaraka. Tukapewa glavu nyeupe,
tukaambiwa penseli tu, wino marufuku.
Mimi, niliyekula na kulala na wino miaka thelathini.
Akafunua taratibu, ukurasa ukachakarika
kama mkate wa kumimina uliokaa siku mbili.
"Babu, hapa mashine ilikwama?"
"Hesabu."
Akahesabu kwa ncha ya kidole, hagusi.
"Saba. Saba nini?"
Mtunza chumba akatutolea jicho, tunyamaze.
Nikanyamaza. Nimezoea.

Nje, kwenye ngazi, jua la saa saba utosini,
nikalitaja, herufi kwa herufi,
kila moja nikiisimamisha kwa miguu yake.
Sabiha akanitazama.
"Mwatima ndo nani?"

Nyumbani, miaka yote hii,
sisi tulimwita Bi Mtambwe.