Wa Kumi na Tano

Bwana Ormerod haoni tena hata vidole vyake,
lakini Alhamisi saa kumi, maji yakianza kujaa,
husema, "Twende kazini," nami
nasukuma kiti chake cha magurudumu
hadi mwisho wa ukuta wa pwani ya Morecambe,
kwenye kibanda cha chai kilichofungwa tangu Oktoba.
Yeye ni masikio. Mimi ni kidole gumba.

Simu inauliza: mahali? Inajua yenyewe.
Saa? Inajua. Mmetembea umbali gani?
Mita mia nne, na gurudumu moja linalolia
kiasi cha kufukuza ndege.
Halafu inanyamaza, inangoja majina.

Mwaka wa kwanza majina sikuwa nayo.
Nilimwambia, "Kuna mmoja mrefu, rangi ya tope,
mdomo umepinda kama sululu ya mchimba kaburi."
Alicheka mpaka blanketi likamdondoka.
Usiku nikafungua mipangilio, nikachagua lugha,
nikateremka na orodha, nikateremka, na huyo hapo:
sululu.
Kumbe kuna mtu kwetu alimtazama zamani
kama nilivyomtazama mimi,
labda naye katoka kuchimba.

Tangu hapo yeye hutaja lake, mimi nabonyeza langu,
na mashine haigombani na yeyote.

Isipokuwa siku ile ya Februari.
Vitwitwi walipinduka hewani
kama shuka inayokung'utwa, weupe, weusi, weupe,
nikaandika elfu sita.
Ikatokea alama nyekundu: Una hakika?
Na jioni ujumbe wa mhakiki,
Philippa Threlkeld wa Kendal,
mpole kama mtu anayekuomba risiti:
ulihesabuje, na mwanga ulitoka upande gani?
Nchi hii nimeulizwa hakika kaunta baada ya kaunta,
ila huyu alitaka kujua kweli.
Nikamjibu: nilihesabu mia moja,
nikaipima ile mia kwa ngumi, mkono umenyooka,
nikaona anga ina ngumi sitini.
Akaandika: Nimekubali. Ngumi! Nitajaribu.

Wiki hii Bwana Ormerod yuko hospitali, Lancaster,
kifua kimembana.
Nilikwenda peke yangu. Hakuna gurudumu lililolia,
ndege wakasogea karibu, na sikufurahi.
Sululu watano. Membe thelathini na mmoja.
Korongo wa kijivu, mmoja, kasimama
kama aliyesahau alichofuata jikoni.
Orodha nikamtumia muuguzi Delyth, amsomee.

Saa mbili usiku simu ikaita.
Pumzi kwanza, kisha sauti:
"Shomoro wako wapi?"
"Shomoro gani?"
"Wa paa la duka la chipsi! Umewapita kwenda na kurudi.
Miaka hamsini na miwili ya madaftari,
siku niliyowaruka haipo.
Usipowaandika kwa kuwa wapo tu,
siku wakikosekana nani atajua?"
Akakohoa, akakata.

Kusahihisha kunaruhusiwa:
kuna kalamu ndogo pembeni, unagusa, unaongeza.
Ningeweka kumi, nani angenidai?
Nilishika simu ile mpaka kioo kikazima.

Asubuhi, kabla ya zamu, jua likijivuta,
nikasimama chini ya paa lile, koti juu ya sare,
mafuta ya jana bado yananuka.
Mwenye duka akatoka na ndoo ya maganda.
"Umepoteza kitu?"
"Nawahesabu shomoro wako."
Akatua ndoo. Akatazama juu
kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake mwenyewe,
akaanza naye, kwa sauti, mmoja, wawili,
tukabishana juu ya yule wa kwenye mfereji,
kama ndiye yule wa bomba la moshi au mwingine.
Kumi na wanne, nikasema.
Kumi na watano, akasema, na duka ni langu.

Nimeandika kumi na wanne.
Kwenye maelezo: wa kumi na tano ana kesi.
Kwenye waangalizi, nimeweka watatu.